Kiazi cha Mwakani

Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kilimo na maendeleo, kwa kuwa kilimo ndiyo kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini katika wilaya za nyanda hizi. Nilimjibu kwamba nitazungumza juu ya mmea, lakini mmea usiolimwa. Nataka kusema juu ya maua ya mwituni yaitwayo okidi, na juu ya viazi vyake ambavyo wengi wenu mnavijua kwa jina la chikanda.

Naona wengine wanatabasamu. Mtu mzima, mwenye mvi, asafiri siku nzima kwa basi kuja kuzungumzia maua! Nawaomba mnivumilie. Jambo hili lina fedha ndani yake, lina sheria, lina maji, na kama mtakavyoona limo pia katika ajenda ya mkutano wetu wa mchana. Mwenyekiti amenipa nusu saa, naye nimemwona ameivua saa yake na kuiweka mezani, kwa hiyo sitazunguka.

Bustani ya Mungu

Wengi wenu mwaijua Kitulo. Mliotoka upande wa Mbeya mmepita njia ya Isyonje, na mliotoka Usangu mmepanda kona za barabara ya Chimala kwenda Matamba, mkikishika kiti cha gari kwa mikono miwili. Uwanda ule uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere na milima ya Uporoto. Kwenye ramani za wakoloni uliitwa Uwanda wa Elton, kwa jina la msafiri mmoja Mwingereza aliyepita nyanda hizi katika miaka ya 1870. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na mtu akifika huko kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimekolea, hahitaji kuelezwa sababu ya jina hilo.

Wataalamu wamehesabu huko aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni okidi ziotazo ardhini. Mwaka 2005 serikali iliufanya uwanda huo kuwa Hifadhi ya Taifa yenye eneo la kilometa za mraba 413 hivi. Hifadhi zetu nyingine tumezizoea kwa tembo, simba na nyumbu. Hii ya Kitulo iliwekwa kwanza kabisa kwa ajili ya maua, na katika Afrika ya kitropiki ndiyo iliyotangulia kuwekwa kwa sababu hiyo. Hilo ni jambo la kujivunia, na ni vizuri vijana walijue wakiwa bado shuleni.

Lakini okidi hazikuumbwa Kitulo peke yake. Zinaota Njombe, zinaota Ludewa, zinaota Ufipa, zinaota kwenye mabonde yaliyo nyuma ya nyumba zenu. Hifadhi ina mipaka na askari. Bonde lililo nyuma ya nyumba halina askari, lina ninyi tu. Ndiyo maana nikaona hotuba hii ifaa kutolewa hapa.

Viazi viwili

Sasa niwaeleze mmea wenyewe, na vijana wa baiolojia wanisahihishe nikikosea.

Okidi hizi za ardhini huchipua mvua zinapoanza, huchanua, kisha kiangazi hunyauka hata usione kitu juu ya udongo. Kinachobaki ni kiazi. Ukiuchimbua mmea wakati wa maua utakuta viazi viwili vimekaa bega kwa bega. Kimoja ni cha zamani. Kimelegea, kimesinyaa, kwa sababu chakula kilichokuwamo kimekwisha kutumika kuotesha shina na maua unayoyaona. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa. Hicho ndicho akiba. Mvua za mwakani zikija, ni hicho kitakachochipua.

Mchimbaji wa chikanda anataka kipi? Anataka kile kigumu. Kile kilicholegea hukitupa, maana hakina unga. Basi tazameni vizuri jambo analolifanya. Mtu anayevuna mahindi huchukua mazao ya mwaka huu na kuweka mbegu darini. Mtu anayechimba chikanda hachukui mazao ya mwaka huu hata kidogo. Mazao ya mwaka huu yamo katika kile kiazi alichokitupa. Anachokichukua ni mwaka ujao.

Mtu ataniambia: hata hivyo mmea una mbegu, nazo zitaota. Ni kweli una mbegu, tena nyingi mno. Tunda moja dogo la okidi huwa na maelfu kwa maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, zinazopeperushwa na upepo. Lakini mbegu hizo hazina chakula ndani yake. Punje ya hindi ina unga wa kumlisha mche mpaka upate majani. Mbegu ya okidi haina. Ili iote ni lazima iangukie mahali penye kuvu wa aina inayoifaa, uzi mwembamba usioonekana kwa jicho unaoishi ndani ya udongo, naye kuvu huyo ndiye anayeilisha. Isipomkuta, hufa. Nyingi hazimkuti. Hizo chache zinazomkuta hukua polepole, na miaka kadhaa hupita kabla mche haujatoa ua lake la kwanza.

Zaidi ya hayo, wachimbaji huja wakati ambapo mmea unaonekana, yaani wakati wa maua, kabla mbegu hazijakomaa. Kwa hiyo kwa pigo moja la jembe mmea unapoteza kiazi chake cha mwakani na watoto wake wa mwaka huu. Hakuna mmea wala mnyama awezaye kuvumilia hesabu ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Safari ya gunia

Chikanda ni chakula cha heshima kwa jirani zetu wa Zambia, hasa Wabemba wa kaskazini. Viazi hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, unga huo ukachanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha ukapikwa mpaka ukashikana kama mkate mzito unaokatwa vipande. Nimekila chakula hicho upande wa pili wa Tunduma, tena nikaomba kipande cha pili. Simlaumu mtu yeyote kwa kukipenda.

Zamani kilikuwa kitoweo cha vijijini. Mama alikwenda bondeni akachimba kiasi cha mlo wa nyumba yake, akarudi. Lakini miji ilikua, watu wakahamia mijini pamoja na hamu yao ya chikanda, na chakula cha kijijini kikawa biashara ya masoko makubwa. Okidi za Zambia kwenyewe zikapungua, na wafanyabiashara wakaanza kuzitafuta ng'ambo ya mipaka: Kongo, Malawi, Angola, na kwetu. Uchunguzi uliofanywa katika nyanda zetu na Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikivuka kwenda Zambia kwa mwaka mmoja vilihesabika kwa mamilioni, kufikia kiasi cha milioni nne. Nawaomba mkumbuke kwamba kila kiazi ni mmea mmoja mzima. Gunia la viazi mviringo ni mavuno ya vitaru vichache vya shamba, na mwakani vitaru vile vile vitatoa gunia lingine. Gunia la chikanda ni bonde zima, na mwakani bonde lile halitoi kitu.

Msidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Huko Uturuki okidi za mwituni huchimbwa kwa ajili ya unga uitwao salep, unaotiwa katika kinywaji cha moto na katika aiskrimu. Okidi za huko zilipokuwa haba, wanunuzi wakageukia milima ya Iran. Mwendo ni ule ule: soko likimaliza kwake humfuata jirani, na jirani naye akimalizwa huachwa na mashimo.

Na katika biashara hii nani hufaidi? Wanaochimba ni akina mama na watoto, wanaolipwa kwa kipimo, fedha kidogo, pale pale kando ya njia. Mwenye gari hupata zaidi, na auzaye mjini hupata zaidi ya wote. Nawaona hapa wenzangu wenye malori. Nawasalimu. Ninyi mwajua kuliko mimi nini hupakiwa usiku chini ya magunia ya viazi mviringo.

Sheria ziko wazi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ni kosa kung'oa mmea bila kibali. Nje ya hifadhi, uko mkataba wa kimataifa uliowekwa mjini Washington mwaka 1973 kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nao umezitia okidi zote ndani yake. Tanzania imo katika mkataba huo, na Zambia vile vile. Maana yake ni kwamba gunia la chikanda linalovuka mpaka bila hati ya kuruhusiwa ni magendo, hata likifunikwa kwa kitu gani.

Jembe la kwanza

Lakini tusiwatupie lawama wachimbaji peke yao, maana yuko adui mwingine anayefanya kazi mchana kweupe, tena kwa kusifiwa. Huyo ni jembe linaloingia mahali lisipostahili.

Nimewafundisha watu kilimo cha viazi mviringo tangu Makete hadi Njombe, na sina neno na viazi mviringo. Vimesomesha watoto wengi, na huenda wengine wamo humu bwaloni. Sina neno na paini, wala na parachichi. Ninachosema ni kwamba ardhi zote si sawa. Nyika za juu na mabonde ya majimaji, yale tunayolima vinyungu kiangazi, ndiyo nyumba ya okidi. Nyasi za huko zimezoea kuliwa na mifugo, na hata moto zimeuzoea. Ziko aina za okidi zinazochanua vizuri baada ya nyasi kuungua, maana kiazi kimelala salama chini. Bali jembe hazikulizoea. Jembe la kwanza likipita, viazi vyageuzwa juu vikauke, na nyuzi za yule kuvu niliyewaambia zakatika. Ukiliacha shamba hilo baada ya miaka mitatu, nyasi zitarudi, magugu yatarudi, lakini okidi zisitarajiwe kurudi upesi.

Mabonde hayo yana kazi nyingine pia. Yanashika maji ya masika kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi. Maji ya Kitulo na milima ya Kipengere hushuka kwa mito ya Chimala na Kimani mpaka Usangu, penye mashamba ya mpunga, yakaingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaojaza Mtera na kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Taa hii iliyo juu ya kichwa changu huenda imewashwa na maji yaliyopita kwenye mizizi ya maua tunayoyadharau. Anayelima bonde kwa sababu "halina kitu ila maua" hajui kilichomo.

Je, si waende bustanini?

Rafiki yangu mmoja, mtu msomi, aliniambia: "Unahangaika bure. Wataalamu watachukua mbegu kidogo, watazipanda kwenye bustani zao, na ua litakuwa limeokoka." Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa uko mmea wetu mmoja uliopata bahati hiyo.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta katika misitu ya Usambara kiua kidogo cha rangi ya zambarau, chenye majani ya manyoya laini. Akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akakipa jina la kisayansi la Saintpaulia, kwa heshima ya mtu huyo na baba yake. Leo ua hilo lauzwa katika vyungu katika madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa mamilioni, na Wazungu waliita urujuani wa Afrika. Limezaa fedha nyingi sana. Mtu wa Amani au wa Muheza hakuona hata senti yake.

Lakini tazameni upande wa pili. Ua hilo limejaa madirishani, ila kwenye miamba yenye kivuli na umande ya Usambara, ambako ndiko kwao, ndugu zake wa mwituni wamekuwa wachache kwa sababu msitu uliokatwa hauwafuniki tena. Aina nyingine zimebaki kwenye majabali machache tu. Chungu cha dirishani hakikuokoa mwamba wa Usambara. Kilichosaidia ni msitu kulindwa, kama ulivyolindwa ule wa Amani, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997.

Tena ua lile lilikuwa jepesi: jani lake moja, ukilitia udongoni, latoa mizizi na kuwa mmea. Okidi zetu za ardhini si hivyo. Zinamtaka kuvu wake, zinataka majira yake, na wadudu wake pia. Ziko okidi nyeupe za jamii ya Habenaria zinazotoa harufu usiku, maana wanaozichavusha ni nondo wenye ulimi mrefu, nao huruka usiku. Utamhamishaje nondo, na kuvu, na umande wa Kitulo, uvitie vyote katika chungu kimoja? Wapo wanaojaribu kuziotesha okidi hizi katika maabara, na nawaombea mafanikio, kwa maana chikanda ikiweza kulimwa kama muhogo, mapori yatapumua. Hata hivyo chikanda inayouzwa sokoni leo ni ya kuchimbwa porini. Hatuwezi kuichimba yote sasa kwa kutumaini maabara ya kesho.

Neno kwa vijana

Vijana wangu, nawasemesha ninyi sasa, na wazee wasikilize.

Najua kwamba wengine wenu huchimba chikanda wakati wa likizo. Siwaiti wezi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini sare haikufutwa, wala madaftari, wala sabuni, wala nauli ya kutoka nyumbani. Mtoto akiambiwa na mnunuzi kwamba debe moja litampatia viatu, atachimba. Mimi nisingekuwa na haki ya kumkataza kama nisingekuwa na neno lingine la kumwambia.

Neno langu ni hili. Kazi inayokupa viatu mwaka huu na kukunyima mwaka ujao si kazi, ni kuuza nyumba tofali moja moja. Waulizeni wachimbaji wakubwa wenu walikuwa wakichimba wapi walipoanza, na sasa wanatembea umbali gani. Mtasikia kwamba bonde la karibu lilikwisha, wakaenda la pili, likaisha, na sasa wanalala njiani. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Ninyi mliozaliwa karibuni ndio mtakaoikuta akiba tupu, si mimi.

Na msidhani kwamba hamna elimu ya kulilinda jambo hili. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe walimkuta nyani asiyejulikana kabisa katika sayansi, nao walimkuta kwa sababu waliwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa waliokuwa wakimtaja kwa jina lake, kipunji. Dunia ilitangaziwa habari zake mwaka 2005. Dunia ilishangaa, wawindaji hawakushangaa. Vivyo hivyo ninyi mnajua okidi gani huota wapi na huchanua lini. Mnunuzi wa Tunduma hajui. Bila ninyi kumwonyesha njia, hafiki bondeni.

Bonde letu

Sasa nafikia ajenda ya mchana.

Mnajua sote kwamba bonde lililo chini ya kiwanja cha mpira ni mali ya shule, na kwamba limeletwa pendekezo lilimwe na kupandwa paini na mikaratusi, ili miaka ijayo miti iuzwe na bweni la tatu lijengwe. Walioleta pendekezo hilo ni wenzetu wenye nia njema. Bweni linahitajika kweli. Nimeona vitanda vilivyobanana, na sitaki mtu aseme kwamba mzee huyu ajali maua kuliko watoto.

Juzi jioni nilishuka katika bonde hilo pamoja na mwalimu wa baiolojia na vijana wanne. Tuko Februari, na maua yamefunguka. Tuliona Satyrium za waridi zimesimama kama mishumaa kandokando ya kijito. Tuliona Habenaria nyeupe. Tuliona Disa. Vijana wale walikuwa wamepita hapo kila siku wakienda kuteka maji, na walikuwa hawajapata kuinama. Tuliona pia mashimo mapya, udongo wake ungali mbichi. Sikuyataja ili mtu aitwe mbele. Nimeyataja ili mjue kwamba soko limekwisha kufika kwetu, hapa chini ya kiwanja cha mpira.

Naomba mkutano ufikirie mambo manne.

Kwanza, bonde hilo lisilimwe. Mikaratusi ni miti inywayo maji sana, na kijito kile ndicho kinacholisha tangi la shule. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au kijito. Ukipima mita 60 kila upande, sehemu kubwa ya bonde imekwisha. Tutakuwa tumepoteza maua na maji kwa ajili ya mistari michache ya miti.

Pili, iko ile miteremko iliyo nyuma ya nyumba za walimu, ambayo tulikuwa tukiilima mahindi enzi zetu, na sasa imeachwa. Ardhi hiyo imekwisha kulimwa. Haina okidi ya kupoteza. Ipandwe parachichi. Mimi nitaleta miche 200 kabla ya masika yajayo, nami nitakuja mwenyewe kuonyesha vipimo vya mashimo na namna ya kuitunza. Parachichi huanza kuzaa mapema kuliko paini inavyokomaa, kwa hiyo bweni halitachelewa kwa sababu yangu. Wenzangu wenye uwezo waongeze saruji na mabati badala ya kungoja miti.

Tatu, wanachama wetu wenye magari waahidi hapa, mbele ya vijana, kwamba gunia la chikanda halitapakiwa katika magari yao. Ahadi iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Hilo halina gharama ila fedha tutakayoikosa, na fedha hiyo tunaweza kuishi bila yake.

Nne, kiwekwe kiasi kidogo katika mfuko wa chama chetu kwa ajili ya vijana wanaokosa sare na madaftari, kitolewe na Mwalimu Mkuu kimya kimya, bila kumwaibisha mtoto. Tukimwambia mtoto asichimbe, tumpe na viatu. Tukimkataza tu, tutakuwa tumetoa hotuba, na hotuba haivaliwi.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeitazama saa. Namalizia.

Sisi tuliosoma hapa tulikuta bonde lile limejaa maua, na hatukufanya lolote kulistahili. Waliotutangulia walilichunga, wakakata nyasi za kuezekea, wakateka maji, wakatuachia. Mchana huu tutapiga kura, na atakayenyosha mkono wake ajue kwamba anaamua juu ya kiazi cha mwakani: kama kitabaki udongoni au kitaingia guniani. Nawaomba kibaki udongoni.